Gari la Kuishusha Mashua

Nyuma ya nyumba ya fundi Kristian, pale Lukozi, kati ya bustani ya kabichi na banda la ng'ombe, kulikuwa na mashua. Mashua kamili ya futi kumi na nane, yenye mkuku, ule uti wake wa chini, na mataruma, yaani mbavu zake, na mbao zilizopigwa randa zikakubali. Mgeni akiiona mara ya kwanza alisimama, akatazama milima pande zote, akaitazama tena mashua, kisha kwa adabu akauliza habari za ng'ombe. Wenyeji walikwisha kuizoea. Walimwita Kristian Nuhu, na masika yakikawia kukoma walimuuliza kama bado ana nafasi ya mbuzi wawili.

Kristian alicheka nao. Mtu anayeunda mashua juu ya mlima asipojua kuchekwa atapata vidonda vya tumbo bure. Lakini mke wake, Evelina, hakuitania mashua ile hata siku moja. Akienda kukata majani ya ng'ombe aliipita kama mtu anavyompita mke mwenzake njiani, bila ugomvi na bila salamu.

Habari yenyewe ilianza zamani. Kristian alizaliwa kitinda mimba, na kwao, kama kwa majirani wengi, wakubwa huondoka na mdogo hubaki. Nyumba ya baba ni yake, na baba mwenyewe na mama ni wake pia, mpaka awazike. Yeye alijaribu kulikwepa fungu hilo. Alipomaliza shule alishuka Tanga, akapokewa na fundi Khalfani wa Sahare, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuwa akiunda vyombo vya baharini. Kijana wa milimani, asiyejua hata kuogelea, akanaswa na kazi ile. Alipenda jinsi ubao mnyoofu unavyobembelezwa kwa moto na maji mpaka unakubali kupinda. Baada ya miaka kadhaa Khalfani alimwachia mashua nzima aiunde mwenyewe, toka mkuku hadi ukingo, na siku ya kuishusha majini ikapangwa.

Siku mbili kabla ya hapo ukafika ujumbe kwamba baba yake amepooza upande mmoja. Kaka zake wote walikuwa na kazi, na wake, na sababu. Kristian akapanda mlima akiwa na nguo chache, akijua atakaa majuma mawili hivi.

Baba alilala kitandani miaka mingi. Alipofariki, mama naye alikuwa amekwisha kuzeeka. Katikati ya uuguzi huo Kristian alioa, akapata watoto, akachonga karibu nusu ya mabenchi ya usharika pamoja na milango, vitanda na majeneza ya nusu ya Lukozi. Watu walimheshimu. Ukimwona Jumapili katika koti lake la kijivu ungesema huyu ni mtu aliyetosheka. Lakini mashua yake ya kwanza ilishushwa na wengine, na yeye hakuwahi kuona kazi ya mkono wake ikielea juu ya maji. Jambo hilo lilimuuma akiwa kijana, likamuuma akiwa na mvi, na wala hakuwa na mtu wa kumlaumu, kwa maana baba hapoozi kwa kusudi.

Ndipo akaanza hii ya nyuma ya nyumba. Mbao za mfenesi zilitoka Muheza, mbili leo, tatu baada ya mavuno, zikipandishwa na magari ya mboga yanayorudi tupu. Mataruma aliyapata kwenye miti iliyopinda yenyewe mipakani mwa mashamba ya watu. Akialikwa mahali, alitazama miti kabla ya kumtazama mwenye nyumba. Kwa kuwa hakukuwa na bahari ya kujaribia, aliijaza maji kwa ndani, akazunguka nje na kipande cha chaki akiweka alama pale yanapotoka. Na Ismaili, rafiki yake aliyekuwa akipeleka kabichi Tanga, alimletea kopo la sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mbao. Yananuka vibaya. Kristian akishayapaka hakunawa mikono upesi. Alikaa nayo, akiinusa kidogo kidogo wakati akijifanya anafikiri, na Evelina alimwona.

Mama alizikwa mwaka jana. Matanga yalipokwisha, Ismaili alirudi kutoka Tanga na salamu badala ya kopo. Khalfani yu hai, mzee sana, wanawe wamekimbilia bodaboda, na banda lake halina fundi. Amesema Kristian aje na chombo chake akishushe Sahare, na akipenda abaki, chumba kipo na kazi ipo.

Kristian alimweleza mke wake nusu ya salamu, ile ya kushusha mashua. Nusu ya pili aliimeza. Ilikuwa kazi bure, kwa sababu Evelina alikwisha kuisikia kwa mke wa Ismaili. Lukozi ukipiga chafya nyumbani, sokoni unapewa pole. Mama wa watu alisubiri mumewe aseme, na mumewe hakusema, na wote wawili wakaendelea kula ugali katika sahani moja kama kawaida.

Tela la kubebea mashua lilichomelewa Lushoto mjini. Likabaki suala la gari la kulikokota, na hapo ndipo Lukozi nzima ikapata kazi.

Magari yalikuwa mawili. La kwanza ni pikapu ya Ismaili, ya dizeli, gari kuukuu lililokohoa kila asubuhi kama mzee anayetaka kusikilizwa barazani. La pili ni la Nassir, kijana wa Tanga mwenye duka la vifaa vya ujenzi Lushoto. Lake ni la petroli, jipya, linawaka kimya hata unajiuliza kama limewaka. Kristian ndiye aliyemtengenezea rafu za duka, na Nassir kila mwisho wa mwezi hushuka kumwona mama yake, kwa hiyo alijitolea kwa moyo mweupe.

Basi wanaume wakagawanyika. Wa dizeli walisema dizeli ina nguvu tangu chini. Haitaki kukimbizwa ndipo ivute, ukiipa mzigo inaguna tu na kwenda. Wa petroli walisema hizo ni sifa za kupanda, na mashua inashuka. Katika kona za kutoka Soni kwenda Mombo hutafuti nguvu ya kuvuta, unatafuta ya kuzuia, kwa maana tela lina tabia mbaya, linamsukuma anayelivuta. Gari jipya la petroli lina breki nzima, na ukitoa mguu kwenye mafuta injini yenyewe inalishika. Dizeli ya zamani ukitoa mguu inaendelea kwenda na mzigo wake kama iliyoitwa na mjomba. Watu ambao hawajawahi kumiliki hata toroli waligombana juu ya jambo hili mpaka wakanuniana.

Kristian hakutaka maneno. Walipakia tela magunia ya viazi ya uzito unaokaribia mashua, wakashuka nalo kutoka Magamba hadi Lushoto, kwanza kwa gari la Nassir, kisha kwa la Ismaili. La Nassir lilishuka limetulia. La Ismaili lilishuka pia, lakini lilipofika chini breki zilinuka, na mwenyewe akakiri bila kuzunguka kwamba akiwa na kitu kinachomsukuma mgongoni hana budi kutambaa. Jambo likawa limekwisha. Mashua itashuka na petroli, Jumatatu.

Jumamosi jioni Nassir na Ismaili walikuja kwa Kristian kuangalia namna ya kulifunga tela. Evelina akawaletea chai na magimbi. Nassir akasimama kumwamkia shikamoo; Evelina akaitikia, akawamiminia, na angeweza kuingia zake ndani. Hakuingia. Alisimama na birika mkononi akisikiliza wanavyozisifu breki za petroli. Kisha akasema, na alisema kwa Kiswahili, ingawa na mumewe huzungumza Kishambaa. Alitaka kila mmoja asikie.

"Watu wa huku gari mnalipima kwa kupanda. Hata mkinunua pikipiki, mnaipandisha kwanza Magamba na gunia mgongoni. Hili mmelipima kwa kushuka tu. Mbona hakuna aliyeuliza ni lipi litairudisha?"

Ismaili, ambaye alijua nusu ya pili ya salamu za Khalfani kwa kuwa ndiye aliyezileta, alianza kulimenya gimbi lililokwisha kumenywa. Nassir hakujua lolote, kwa hiyo alijibu kama alivyoulizwa. Alisema kwa haki ya Mungu, kutoka Mombo kupanda na mashua ile asingejaribu; injini ndogo, ingechemka kabla ya Soni. Na mashua iliyokwisha kunywa bahari ni nzito kuliko hii iliyokauka mlimani. Ismaili akasema polepole kwamba lake lingepanda. Lingechukua siku nzima, lakini lingepanda.

Evelina akashukuru, akaenda jikoni.

Kristian aliweka kikombe chini. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu. Miaka yote ile alikuwa na picha moja kichwani: mashua inaelea, yeye kasimama majini hadi magotini, mkono wake uko juu ya ubao. Picha ilikomea hapo. Hakuwahi kuona kesho yake. Sasa alitambua kwamba hiyo kesho ndiyo Evelina aliyokuwa akiishi ndani yake muda wote, akikata majani, akikamua, akipita pembeni ya mashua bila kuisalimu.

Akamfuata jikoni. Huko walisema Kishambaa, sauti za chini.

"Mama Klara," alisema, "mashua haina kazi huku juu. Irudi kufanya nini?"

"Mimi sikuulizia mashua, baba Klara."

Alikuwa akichochea moto usiohitaji kuchochewa. Kristian akavuta kigoda, akakaa. Akamwambia habari ya chumba cha Khalfani, yote sasa, na Evelina akamwacha amalize kana kwamba anaisikia mara ya kwanza. Huo ulikuwa ungwana wake.

"Nenda," alisema mwishowe. "Nimekuona ukiitamani bahari tangu hujanioa. Sitaki uzeekee hapa ukinitazama kama mlango uliofungwa. Uguse maji yako, ukae utakavyokaa. Ila nenda na kitu kinachoweza kupanda."

Kristian alitoka nje akawaambia wenzake kwamba mashua itakokotwa na dizeli. Nassir alidhani fundi amechanganyikiwa, akamkumbusha kuhusu breki na kona na viazi. Kristian akamwambia yote aliyosema ni kweli na hatabisha hata moja. Nassir aliona kuna jambo pale lisilohusu magari, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akaacha. Kesho yake alileta breki mpya kutoka dukani kwa rafiki yake, na Ismaili akazifunga mwenyewe, akiwa amelala chini ya gari, akilalamika kwa furaha.

Jumatatu asubuhi majirani walikuja kuisukuma mashua hadi kwenye tela. Ilitoka nyuma ya nyumba kwa shida, ikalala juu ya kabichi za mstari mzima, na mahali ilipokuwa pakabaki udongo mkavu ulioparara, umbo lake lile lile. Mwinjilisti aliomba. Mtu mmoja akasema Nuhu kasahau wanyama, watu wakacheka, kisha wakaona Evelina hacheki, wakaacha. Yeye alimpa mumewe chupa ya chai na magimbi ya kuchemsha yaliyofungwa kwa kitambaa, akamtakia safari njema, akachukua mundu wake. Ng'ombe hawajui habari za bahari.

Walishuka. Magamba ikapita, Lushoto ikapita, na watu wa Lushoto wakasimama mbele ya maduka kuitazama mashua ikikatiza mjini nyuma ya kabichi chache ambazo Ismaili hakuona sababu ya kuziacha. Baada ya Soni bonde likafunguka. Huko chini kulionekana nyika, tambarare na nyeupe kwa jua, na upepo wa moto wa Mombo ukaanza kuingia dirishani. Upepo huo ndio ulikuwa ukimjia Kristian mara kwa mara nyumbani kama unaomwita. Alikuwa ameapa kwamba siku akishuka tena hatageuka nyuma.

Akatazama kioo cha pembeni. Mashua ilikuwa imekijaza. Barabara haikuonekana, wala mlima. Uliachwa upenyo mdogo tu juu ya ukingo, na kupitia hapo, gari likikata kona, lilitokea bega la kijani la mlima wa kwao, likapotea, likatokea tena dogo zaidi. Alijikuta anazisubiri kona. Alijaribu kumfikiria Khalfani na bahari, mawazo yakamrudisha kwa Evelina, kama amekwisha kukata majani, na nani atamsaidia kuinua mzigo hadi kichwani, kwa maana kila siku alikuwa ni yeye. Bado hawajafika hata Mombo, na tayari alikuwa amekumbuka nyumbani.

"Punguza kidogo, Ismaili," alisema.

Nyuma yao magari yalikuwa yamepanga foleni ndefu, yakipiga honi. Injini ya dizeli ilikuwa ikiguna, gari likitambaa pembezoni mwa mwamba, na mtu anayeshuka kwa miguu na ndoo kichwani alikuwa amekwisha kuwapita. Ismaili alimtazama rafiki yake kitambo, kisha akarudisha macho barabarani.

"Hii ni gia ya kwanza, fundi," alisema. "Chini yake hakuna nyingine."