Aliyeagizwa Mfuniko Akaleta Mzunguko

Saa mbili asubuhi, na katika karakana hii ya kuchomelea vyuma hakuna anayemsikia mwenzake. Grainda inanguruma, cheche zinaruka, na katikati ya vurugu hizo mama mmoja wa miaka sabini na kitu ameinamisha sikio juu ya sufuria yenye mpini wa pedeli, anasikiliza mahindi yanavyopasuka.

"Bado," anasema. "Zungusha! Umelala?"

Anayezungusha ndiye fundi mwenye karakana. Ni mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana, anayewafokea wateja wasumbufu bila aibu. Mbele ya mama huyu ametulia kama maji mtungini, maana ni mama wa mkewe.

Mashine wanayoijaribu ni ya kukaangia bisi, ile inayoonekana nje ya kila shule na kila stendi ya mji huu. Ilizaliwa hapa hapa. Aliyeizaa ni nani? Hapo ndipo penye kasheshe.

Wiki ijayo kuna maonyesho ya mafundi. Kila mashine itabandikwa kibao cha bati chenye jina la mvumbuzi, na waandaaji wamesisitiza liwe jina moja tu.

"Ni mimi," anasema mama kabla hata hajaulizwa. "Nilimwagiza sufuria ya mzunguko, akatengeneza. Sasa mwenye wazo ni nani?"

Fundi anakohoa, anaangalia viatu vyake.

Ulimi anaupata nje, anapomvuta mwandishi wa makala haya nyuma ya rundo la mabomba. "Mwandishi, nisikilize. Hakusema mzunguko. Alisema mfuniko!"

Anasimulia huku akigeuka nyuma kila mara. Ndoa yake ilikuwa na miezi miwili. Mama, ambaye wakati huo alikuwa akiuza bisi, alisimama mlangoni mwa karakana grainda ikiwa inanguruma, akapaza sauti kuagiza sufuria. Alichoka kurukiwa na bisi usoni, masikini. Fundi akasikia "sufuria ya mzunguko".

"Kwa nini hukumwuliza tena?"

"Mama mkwe? Umwambie 'Eti nini?' Wewe umeoa kweli?"

Basi akaumiza kichwa wiki nzima: sufuria izungukeje? Akasimamisha mhimili katikati, akaufungia mapanga mawili butu ya kukorogea, juu akaweka pedeli ya baiskeli. Kazi safi. Mfuniko hakuweka, kwani kwa alivyosikia yeye, nani aliuomba?

Siku ya majaribio bisi ziliruka mpaka kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Nyingine zikatua kwenye kilemba cha mama. Lakini zilizobaki ndani ya sufuria zilikuwa nyeupe pe, hakuna hata moja iliyoungua. Watu wakajaa. Mama akakung'uta kilemba, akatangaza, "Ndiyo hasa niliyoagiza. Sasa iwekee mfuniko."

Tangu siku hiyo fundi amemeza, na kimemkaa rohoni. "Jasho langu, akili yangu," anasema. "Liandikwe basi jina langu, hata mara moja, watoto wangu walisome."

Mkewe, anayeuza mashine hizo duka la mbele, amechoka nao wote wawili. "Huyu mume, yule mama. Mimi nakula bisi zangu, nanyamaza."

Tunarudi ndani. Grainda imezimwa. Mwandishi anajitosa: "Mama, siku ile ulisema mzunguko au mfuniko?"

Fundi anakodoa macho kama aliyeshika waya wa umeme.

"Mfuniko," anajibu mama bila kupepesa. "Mzunguko wa nini? Nilikuwa naungua uso!"

"Sasa mbona..."

"Watu wamejaa, mkewe amesimama pale, ndoa bado mbichi. Niseme kaagizwa hiki kaleta kile? Wangemcheka mpaka leo. Nikasema nimeagiza mimi, na nikishasema nimesema."

Miaka yote hii fundi aliamini ameibiwa, kumbe alikuwa amesitiriwa. Anajifuta machozi kwa glavu ya kazi, anajipaka masizi mpaka puani, na mama anacheka hadi anashika mbavu.

"Andika lako," anamwambia. "Mimi jina kwenye bati la nini?"

"Hapana, mama. Litakuwa lako."

"Nimesema lako!"

"Lako, mama!"

Ugomvi unaanza upya, safari hii kinyumenyume. Mkewe anatoka dukani, mdomo umejaa bisi. Anawapita, anachukua chaki, anaandika juu ya bati neno moja: MKWE.

"Mkwe yupi?" wanauliza wote wawili kwa pamoja.

"Atakayetaka kujua anunue mashine kwanza."

Fundi analitazama lile bati, anamtazama mama. Kisha anashusha kinyago usoni na kuanza kuzichomelea herufi moja moja, polepole. Anataka zisifutike.