Damu Chini ya Tenga

Bugarama, mtu akitaka matofali ya kuchoma anaelekezwa kwa Gervasi Ndizeye. Kazi hiyo ameifanya tangu hajaota ndevu: kuchimba udongo bondeni, kuumwagia maji, kuukanyaga kwa miguu mitupu mpaka ulainike, kisha kufyatua, kuanika na kupanga tanuri. Mwenyewe hupenda kusema kwamba nusu ya nyumba za bati za pale zimepita chini ya nyayo zake. Si mtu wa kuugua. Restuta, mke aliyeishi naye miaka thelathini na moja, anakumbuka mara mbili tu ambazo mumewe alilala kitandani mchana, na mara zote mbili ilikuwa malaria.

Walijaliwa watoto watatu. Anold ni dereva. Speciosa anafundisha shule ya msingi. Francisca, kitinda mimba, ameolewa Biharamulo na kijana wa Kisukuma, na mwezi wa tano mwaka jana alijifungua mtoto wa kike. Upande wa mume wakampa jina Limi, yaani jua. Gervasi alilisikia jina hilo kwenye simu, akalirudia mara tatu, akasema linafaa. Ubatizo ukapangwa Jumapili moja ya Agosti, baada ya misa ya saa nne.

Siku hiyo waliondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, katika Probox ambayo Anold aliazima kwa rafiki yake. Restuta alikaa mbele kwa sababu safari humtibua tumbo. Nyuma walikaa Gervasi na Speciosa, na katikati ya miguu yao lilikuwa tenga lenye jogoo wawili, zawadi ya wakwe. Gervasi alivaa shati jeupe na suruali yenye mstari wa pasi, lakini miguuni alikuwa na kandambili. Viatu vyake vya ngozi alivifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alisema atavivaa mlangoni pa kanisa, visije vikachafuka njiani.

Walipita Ngara mjini kukiwa na ukungu, wakateremka kuelekea Benaco. Kabla hawajafika huko, Gervasi alikuwa ameshaomba gari lisimamishwe mara mbili ili akajisaidie, na chupa yake ya maji ya lita moja na nusu ilikuwa tupu.

"Baba, leo unakunywa maji kama trekta," Anold alimtania.

"Ni vumbi la tanuri," Gervasi alijibu. "Limenikaa kooni tangu juzi."

Mbele kidogo ya Kasulo, tairi la nyuma likatoboka. Anold aliegesha gari kando ya lami, penye kibanda cha ndizi kilichobomolewa, akatoa jeki. Gervasi hakuweza kukaa tu akitazama kijana wake anafanya kazi. Alienda nyuma ya kibanda kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu, akapita juu ya mbao zilizotupwa ovyo, akarudi na jiwe moja kila mkono. Restuta alimwona anachechemea kidogo, akadhani kandambili imekatika kamba. Tairi likabadilishwa, wakaondoka.

Gervasi alikuwa na furaha isiyo ya kawaida asubuhi ile. Alianza kusimulia jinsi Francisca alivyobatizwa miaka ishirini na minne iliyopita, jinsi alivyomnyakua padre miwani na kuikatalia kabisa. Speciosa alikuwa anacheka mpaka machozi. Aliinama kuchukua kitambaa chake cha mkono kilichodondoka, akaona sakafu ya gari ni nyekundu.

"Simama, Anold! Jogoo ameumia. Kuna damu."

Anold alipunguza mwendo. Speciosa alilinyanyua tenga, akawageuza jogoo mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wazima, wakimkodolea macho. Damu ilikuwa imetanda chini ya tenga, ikafuata mfereji wa zulia la mpira hadi chini ya kiti cha mbele. Aliifuata kwa macho kuelekea upande wa pili, ikaishia kwenye mguu wa kushoto wa baba yake.

"Baba," alisema. "Mguu."

"Mguu una nini?" Gervasi aliuliza, bado anatabasamu kwa hadithi yake.

Speciosa aliunyanyua mguu ule. Kandambili ilikuja nao, imeganda kwenye unyayo. Chini yake palikuwa na kipande cha ubao kidogo kuliko kibiriti, na msumari uliokuwa kwenye ubao huo ulikuwa umetoboa mpira na kuzama wote katika nyama chini ya vidole.

Gari lilikuwa limeshasimama. Restuta aligeuka, akaona, akajishika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Yesu wangu! Baba Anold, huumwi?"

Gervasi aliutazama mguu kama mtu anayeoneshwa mguu wa jirani. Alijaribu kucheka, kicheko kikakatika.

"Nilihisi kandambili imebana," alisema. "Basi."

Anold alitaka kuuchomoa msumari pale pale, Speciosa akamkatalia. Wakaendesha mpaka kijiji kilichofuata, mahali penye zahanati ndogo yenye ua wa michongoma. Ilikuwa Jumapili, mlango umefungwa, lakini mama mmoja aliyekuwa anafagia aliwaonesha nyumba ya tabibu, hatua chache tu nyuma ya zahanati. Tabibu alitoka na mswaki mdomoni. Aliitwa Bukuru, kijana wa umri wa Anold hivi. Alipoona mzee anashushwa garini na kandambili imeshikamana na mguu, alitema povu la dawa ya meno kwenye nyasi, akakimbilia funguo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fanya haraka tu, tuna misa ya ubatizo saa nne."

Bukuru alimlaza kitandani, akavaa glovu, akasema, "Vumilia kidogo, mzee, hapa patauma," kisha akauvuta msumari. Ulitoka na sauti ndogo ya mpira unaoachia. Restuta alifumba macho. Gervasi alikuwa anasoma bango la chanjo ukutani.

Tabibu alisimama na msumari mkononi. Akamtazama mgonjwa, akautazama tena msumari. Akaosha kidonda kwa muda mrefu, akafunga bandeji, akamchoma sindano ya pepopunda begani. Hapo Gervasi alikunja uso.

"Sindano umeihisi?" Bukuru aliuliza.

"Nitaachaje kuihisi? Inauma."

"Sawa. Sasa fumba macho, mzee. Nitakugusa miguuni kwa pamba. Kila nikikugusa, wewe sema 'hapo'."

Gervasi akafumba macho. Bukuru akachambua pamba, akaisokota mpaka ikawa na ncha, akamgusa kidole gumba cha mguu wa kulia. Kimya. Akagusa cha pili, na cha tatu. Akapita juu ya unyayo, akarudi kwenye kisigino, akaacha pamba, akatumia ncha ya kalamu, akaikandamiza mpaka ngozi ikabonyea. Restuta, Anold na Speciosa walikuwa wamesimama ukutani, wakifuata ile kalamu kwa macho. Speciosa alijikuta anamwombea baba yake aseme neno lile moja, hata kwa kubahatisha.

Baada ya muda Gervasi aliuliza, macho bado yamefumbwa, "Bado hujaanza, mwanangu?"

Speciosa alitoka nje. Walimsikia akilia karibu na gari.

Bukuru alimkagua ngozi ya mgongo na mikono, akimuuliza kama ana mabaka yasiyo na hisia. Alitaka kwanza kuuondoa wasiwasi wa ukoma. Hakuona baka. Ndipo akauliza kuhusu maji, na mkojo, na uzito. Restuta ndiye aliyejibu, na kadiri alivyojibu ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka. Ndiyo, anakunywa sana maji. Ndiyo, anaamka usiku mara nne, mara tano. Mkanda wa suruali ameutoboa tundu mpya mbili tangu Pasaka. Na mwaka uliotangulia wakati wa kuchoma tanuri alikanyaga kaa la moto, unyayo ukababuka, akaendelea kupanga kuni. Watu bondeni wakamsifu kwamba miguu yake imekomaa kuliko kwato za ng'ombe.

"Na mimi nikawa naringa," Restuta alisema. "Nikawasimulia hadi wanawake wa jumuiya."

Tabibu alimtoboa Gervasi kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Mashine haikutoa namba. Alirudia kwa kidole kingine, ikawa vile vile.

"Sukari imepita pale mashine inapoishia," alieleza polepole. "Mzee una kisukari, na si cha leo. Kimeua hisia za miguu. Inabidi ufike hospitali sasa hivi. Si kesho."

"Nikitoka kanisani nitapita."

"Mzee, unaweza kuanguka hapo kanisani usiamke."

Gervasi aliketi. Alikuwa amekasirika, au ndivyo alivyotaka waone. Alisema ameingia zahanati kwa ajili ya msumari, na msumari umetoka. Hana homa, hana maumivu, asubuhi amekula viazi na maharage akashiba. Mtu mgonjwa anajijua. Akatafuta kandambili yake kwa mguu, akaikosa, akabaki anaupapasisha mguu sakafuni bila kujua kwamba ameshaikanyaga.

Restuta alimwona. Ni mwanamke wa maneno machache, ambaye mbele za watu humwachia mumewe neno la mwisho.

"Gervasi," alisema. Watoto hawakuwahi kumsikia akimwita baba yao kwa jina tupu. "Umeikanyaga hiyo kandambili. Tazama chini."

Akatazama chini. Alitazama kwa muda mrefu. Alipoinua uso, Anold, aliyekuwa hajawahi kumwona baba yake akiogopa kitu chochote, alikwenda kumshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Wakaenda moja kwa moja hospitali Biharamulo. Speciosa alimpigia Francisca simu wakiwa njiani. Francisca alidhani baba amefariki wanamficha, akapiga yowe mpaka ikabidi Gervasi mwenyewe achukue simu amwambie ni mzima, aendelee na ubatizo. Restuta aliambiwa na wanawe aende kanisani japo amshike mtoto. Alikataa. Anold ndiye aliyekwenda na wale jogoo, akasimama kwa niaba ya familia nzima, suruali yake ina damu magotini.

Saa nane mchana Francisca alifika wodini na Limi akiwa bado na kanzu nyeupe. Gervasi alikuwa na dripu mkononi. Alimpokea mtoto kwa mkono uliobaki, akamlaza kifuani, akamnusa kichwa chenye mafuta ya krisma. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine, na hakujificha.

Alilazwa siku kumi na moja. Kidonda kidogo cha msumari kilifunga Desemba. Daktari alimweleza kwamba sukari itashuka kwa dawa na chakula, lakini hisia zilizopotea huenda zisirudi, kwa hiyo macho yafanye kazi ya miguu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi Restuta humkalisha mlangoni palipo na mwanga, akamkagua nyayo na katikati ya vidole. Wiki za kwanza Gervasi alikuwa anageuza uso pembeni kwa aibu. Udongo sasa anaukanyaga jirani yake Niyongabo. Yeye amebaki na kufyatua, miguu ikiwa ndani ya buti. Siku ya kwanza aliyosimama kando ya shimo akimtazama mwenzake akikanyaga, alirudi nyumbani kabla ya saa nne.

Pasaka ya mwaka huu Francisca alikuja Bugarama na Limi. Mtoto alikuwa anatambaa. Alimkuta babu yake ameketi mkekani baada ya ukaguzi wa asubuhi, miguu mitupu, akaushika ule mguu wa kushoto kwa viganja viwili ili ajiinue asimame. Gervasi alimtazama, hakuthubutu kutikisika.

"Mama Anold," aliita taratibu. "Njoo. Mikono yake ni ya moto au ya baridi?"

Restuta aliinama, akagusa kiganja cha mtoto.

"Ya moto," alisema. "Na imeloa. Ametoka kula chungwa."

Gervasi akaitikia kwa kichwa.

"Basi mwache asimame," alisema.