Msiba wa Bibi Rozalia

Ghati ana kasoro moja: akisikia mtu amefiwa, hakaliki. Kwao Tarime majirani huacha majembe shambani wakaenda msibani. Huku Langley Park, Marekani, yeye huanza kupiga simu. Sisi wanawake wenzake wa kanisani tunamtania kwamba akikosa msiba wiki mbili ataugua.

Aprili ya mwaka 2004 alikuwa na wiki chache tu katika kazi aliyopewa na kampuni ya kutunza wazee, kumtunza Bibi Rozalia, bikizee wa Kiyahudi aliyeishi peke yake Silver Spring. Asubuhi moja alimkuta jikoni analia mbele ya mshumaa.

"Mama yangu," bibi akamwambia, "na wadogo zangu. Waliuawa."

Ghati akauliza wamezikwa wapi. Hawana kaburi. Basi, hakungoja zaidi. Simu yangu ikalia.

"Dada, bosi wangu amefiwa, ndugu watupu, kwa mpigo! Niitie wenzetu, na chakula msisahau."

"Si kampuni yenu imekataza visitors?"

"Liwalo na liwe. Kuna msiba hapa."

Mchana tulikuwa tumejaa sebuleni, kanga kiunoni, tumekaa chini kwenye zulia, wali na maharage yako jikoni. Bibi Rozalia alitutazama akacheka, kisha akalia upya. Ndipo akatueleza. Waliuawa na Wanazi huko Poland, katika maangamizi ya Wayahudi, yeye akiwa msichana, na hiyo ndiyo siku ambayo Wayahudi huwakumbuka watu wao. Niliona aibu mpaka nikatamani zulia linimeze. Ghati akaanza kukusanya sahani.

"Kaeni," bibi akasema. "Miaka sitini, hakuna aliyewahi kuja nyumbani kwangu kunipa pole ya mama yangu."

Tukakaa. Kwetu mfiwa huulizwa habari za marehemu, nami nikauliza. Mama aliitwa Chaja, fundi cherehani, mwepesi wa hasira. Wadogo zake walikuwa Estera na Perla. Perla alikuwa akiiba mkate na kumsingizia paka. Tulicheka sana, na bibi akacheka nasi.

Katikati ya kicheko, jina la Perla likitajwa tena, akaingia mwanawe, Leonard, mtu mzima mwenye tai. Ghati aliinuka, uso umemshuka, maana huyo ndiye anayeilipa kampuni, na neno lake moja lingemfukuzisha kazi. Akaanza kujieleza: kosa ni lake peke yake, sisi tumeitwa tu. Leonard hakuwa akimsikiliza.

"Perla ni nani?" alimuuliza mama yake.

"Mdogo wangu. Kitinda mimba wetu."

"Uliniambia ulikuwa na mdogo mmoja tu."

"Huyu nilishindwa kumtaja, mwanangu."

Leonard akabaki amesimama, akilirudia jina la Perla kwa sauti ndogo. Ghati akasahau habari ya kufukuzwa. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, baba," akamwambia kwa Kiswahili. "Kumbe nawe umefiwa leo. Kaa."

Leonard hajui Kiswahili hata neno. Alikaa.