Kipande cha Nondo cha Penina

Penina ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Kaanaeli. Wanaishi juu ya Makumira, pale migomba inapoisha na viazi kuanza, na nyuma ya viazi ni msitu wa Mlima Meru. Ukimkuta sokoni Tengeru Jumamosi, amekaa nyuma ya ndizi zake na kitenge kimefungwa vizuri, utadhani ni mwanamke ambaye hajawahi kukasirika. Mimi ni jirani yake kwa miaka kumi na tisa. Ninaandika habari hii kwa sababu watu wanasema alitaka kumuua shemeji yake kwa gobole, bunduki ya kushindilia. Nilikuwepo, na niliiangalia mikono yake tangu asubuhi.

Gobole la kwanza lilikuwa la baba yetu. Alipofariki, kibali kiliandikwa jina la Kaanaeli, si la Hans, kaka yetu mkubwa. Hans ni fundi ujenzi na wakati huo alikuwa amehamia Sombetini. Baba alikuwa amesema bunduki ikae na anayelala karibu na shamba. Hans hakubisha, lakini kila alipokuja nyumbani alilitazama lile gobole ukutani kama mtu anayetazama kiti chake kimekaliwa na mwingine.

Kaanaeli alikuwa na taratibu zake na hakuzivunja. Baruti aliipima kwa kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi, kimoja, kikifutwa juu kwa kidole. Kwa ngedere na ndege alitia vipande vidogo vya risasi, kama punje za mtama. Kwa nguruwe pori alitia goroli moja tu. Aliiyeyusha mwenyewe kutokana na vile vizito vinavyobandikwa kwenye rimu za magari, alivyookota kwa mafundi wa matairi Usa River, akaimimina kwenye kalibu, kisha akaifunga kitambaa chenye mafuta ili ikae sawa ndani ya mtutu. Nondo, ambayo wengine huikata vipande badala ya goroli, hakuitaka hata kuiona. Alisema chuma kigumu kinakwangua mtutu na kinatoka kikipepesuka, kinamjeruhi nguruwe bila kumuua, na nguruwe aliyejeruhiwa anarudi kukutafuta wewe au mtoto wako. Hayo niliyasikia mara nyingi, maana mimi nina watoto na nilikuwa namuuliza kila mara kama lile jambo liko salama.

Na salama yake ilikuwa ganda la mgomba. Aliyeshindilia gobole lazima afunge ganda kavu la mgomba mdomoni mwa mtutu. Lenye ganda lina kitu ndani. Lisilo na ganda ni tupu. Tumelelewa hivyo, hata watoto wadogo wa kwetu wanajua. Katika nyumba yetu ganda liliaminiwa kuliko macho, na hapo ndipo tulipokosea. Kulikuwa na mdeki, ule mti wa kushindilia, wenye alama ya kisu pembeni. Ukiutumbukiza kwenye mtutu mtupu unazama mpaka alama. Lakini nani alihangaika na mdeki wakati ganda linasema?

Mwaka juzi, mwezi wa sita, sote tulikwenda kwenye mazishi Nkoaranga. Hans, aliyekuwa amekuja kutoka Sombetini, alibaki nyumbani kwa Kaanaeli, akasema mgongo unamuuma. Siku mbili baadaye alfajiri, nguruwe waliingia kwenye viazi. Kaanaeli akachukua gobole ukutani. Halikuwa na ganda. Akatia kikombe chake cha baruti, akatia goroli yake, akashindilia, akaenda. Mimi nilikuwa nakamua ng'ombe. Mlio niliousikia haukuwa mlio wa gobole. Ulikuwa kama bati la nyumba limeng'olewa.

Mtutu ulipasuka mkononi. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto na jicho la upande huohuo. Hospitali walimtoa vipande vya chuma kiganjani na mkononi, na daktari akampa Penina kimoja ndani ya pamba, akidhani labda polisi watakihitaji. Kilikuwa na urefu wa pingili ya kidole. Penina alikigeuza pale kwenye benchi, mimi nikiwa pembeni yake. Kilikuwa kipande cha nondo. Ncha zake zote mbili zilikuwa bapa, zinang'aa, zimekatwa kwa gurainda.

Huku kwetu juu hakuna mwenye gurainda; ni mashine ya mafundi ujenzi kama Hans. Tunakata chuma kwa msumeno, na ncha inabaki na meno.

Penina alikifunga tena kwenye pamba, akakitia kwenye sidiria. Kisha akaniangalia, nikajua kwamba anajua, na yeye akajua kwamba nimeona. Hans alikuwa amelichukua gobole siku ya mazishi. Nadhani alitaka kuvizia mbawala ukingoni mwa msitu, ambako haturuhusiwi. Akatia nondo zake, labda akasikia gari la askari wa wanyamapori, akarudi mbio. Kulifyatua angesikika, kukitoa alichoshindilia hajui, kufunga ganda ni kukiri kwamba alilichukua. Basi akalirudisha ukutani bila ganda, akanyamaza. Alinyamaza hata alipokuja hospitali na machungwa, akalia kando ya kitanda cha mdogo wake.

Nilimwambia Penina tumwambie Kaanaeli. Akasema, "Wifi, mume wangu atasamehe kabla sijamaliza sentensi. Mwache kwanza apone."

Kuanzia hapo alianza kujifunza. Kaanaeli alipotoka hospitali hakuweza kushika kalibu, hivyo Penina akawa mikono yake. Alikaa jikoni kwenye kigoda akiyeyusha risasi, mumewe akimwelekeza kwa jicho moja, na wakicheka, kwa kweli, maana goroli zake za kwanza zilikuwa na mikia kama viluwiluwi. Kaanaeli akasema kwa risasi hizo nguruwe atadhani amerushiwa kande. Penina alicheka naye. Lakini kila alipomaliza kuosha mikono alikwenda kabatini, akafungua mtungi wa glasi ulio na sindano na vifungo, akakitazama kile kipande, akafunga. Mwaka mzima. Nilikuwa namhesabia siku, kwa hofu.

Mwaka uliofuata, mzee mmoja wa kijiji cha pili alihamia Themi kwa binti yake, na gobole lake, kwa taratibu zote za polisi na kijiji, likaandikwa jina la Hans. Hans alikuwa amerudi kukaa nyumbani na wanaume wa ulinzi wa mashamba walimchagua awe mkubwa wao. Walisema ni haki yake kama mtoto wa kwanza. Gobole lenyewe waliliweka kwa Penina, maana kwa kusafisha mtutu na kupata goroli inayokaa vizuri hakuna aliyemshinda tena. Hans mwenyewe alimsifu mbele za watu. Alimwita shemeji fundi.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane walipanga kuwasaka nguruwe kwenye bonde la chini ya shamba letu, saa tatu asubuhi, mbwa waingie chini na Hans asimame juu na bunduki. Nilikwenda kwa Penina kuazima ndoo. Nilimkuta amesimama na gobole, anautoa mdeki ndani ya mtutu. Amemaliza kushindilia. Mtungi wa glasi ulikuwa wazi juu ya meza. Kikombe cha dawa ya kikohozi kilikuwa karibu na mkono wake, na ndani yake niliona vumbi jeusi.

Nikasubiri afunge ganda. Hakufunga. Aliliegemeza ukutani, tupu kwa macho.

Nikamuuliza ametia nini. Akasema, "Nimemrudishia cha kwake."

Nikamwambia Hans ana watoto wanne. Akasema na yeye ana watatu, na baba yao hawezi kufunga kamba ya kiatu. Ndipo Hans akaingia na kofia yake, akasalimia vizuri, akatazama mdomo wa mtutu, akaona hauna ganda, akalibeba begani.

Ninakiri hapa kwamba sikusema kitu. Ni kaka yangu wa tumbo moja, na nilitembea nyuma yake nusu saa nzima mpaka bondeni, na sikusema. Nilijiambia nitasema tukifika kwenye choo cha nje. Nikajiambia nitasema tukifika kwenye viazi. Nilikuwa nakumbuka machungwa aliyoleta hospitali.

Bondeni kulikuwa na watu kama ishirini. Kaanaeli naye alikuwepo, amekaa kwenye gunia, mkono mfukoni. Hans akasimama mbele yao, akamimina baruti, akatia goroli, akashindilia kwa fujo huku akiwapa wenzake maagizo ya mbwa. Hakuangalia mdeki. Akauchomoa, akaulaza, akaingiza mkono mfukoni kutafuta fataki ya kuwashia baruti. Hapo miguu yangu ikaanza kwenda mbele yenyewe. Penina akanitangulia.

"Shemeji," alisema, si kwa sauti kubwa, "urudishe mdeki ndani uangalie alama."

Hans akacheka, akamwambia ganda halikuwepo.

"Na siku ile ganda halikuwepo. Rudisha."

Alirudisha. Alama ilisimama juu ya mdomo wa mtutu, vidole vitatu vizima zaidi ya inavyosimama bunduki ikiwa na mzigo mmoja. Watu wote waliiona. Hans akaliweka gobole chini taratibu kama mtoto mchanga.

"Umetia nini humu?"

"Vuta uone. Wewe ni mkubwa wao."

Wakaleta mdeki wenye skrubu ya kuvutia. Ikatoka goroli yake na kitambaa. Wakamwaga baruti yake. Kikafuata kizibo cha ganda la mgomba kilichokazwa, halafu kikaanguka kipande cha nondo, kwenye majani, mbele ya viatu vyake. Wakasubiri baruti ya chini imwagike. Haikuwepo. Hata punje, na bila hiyo fataki isingewasha kitu.

Baadaye nilimuuliza kuhusu lile vumbi kwenye kikombe. Aliniambia aliijaza baruti, akaimwaga tena kwenye kopo lake, mara mbili. Hakuniambia ni nini kilichomfanya aimwage mara ya pili.

Hans akasema, "Ulitaka kuniua."

"Ningetaka ningekaa kimya, kama wewe," alisema Penina. "Okota hicho. Kilitolewa mkononi mwa mdogo wako. Angalia ncha zake, uwaambie watu ni gurainda ya nani."

Hakuokota. Kaanaeli ndiye aliyeinuka kwenye gunia, akakiokota kwa mkono mzima, akakisogeza karibu na jicho lake. Kisha akamuuliza kaka yake kama ni kweli, na Hans akajibu maneno ambayo mpaka leo watu wa ulinzi wanayarudia kwa kejeli wakimwona anapita.

"Nilidhani utapima kwa mdeki kwanza."

Mbwa walikuwa wameshaanza kubweka bondeni lakini hakuna aliyewafuata. Wanaume waliondoka mmoja mmoja. Gobole lilipelekwa ofisi ya kijiji siku hiyohiyo, na Hans hakuulizwa maoni yake. Kanisani alikuwa anasimamia kapu la sadaka. Jumapili hiyo alisimama mtu mwingine.

Wiki ya pili Hans alikuja kwa mdogo wake ameshika tawi la sale. Kwetu, mtu akija na sale mkononi kuomba radhi, hukatai. Kaanaeli alikuwa ameshamsamehe kwa machozi kabla Hans hajafika mlangoni, kama Penina alivyotabiri. Penina alilipokea kwa mikono miwili, akamkaribisha, akampa maziwa. Alipomaliza kunywa akampa jembe. Akamwonyesha kijia kinachopita kati ya viwanja vyao, kijia tulichopita sote tangu utoto, akamwambia achimbe shimo katikati yake apande tawi lake mwenyewe. Hans akachimba. Yeye na mimi tunajua sale hupandwa wapi. Ni mmea wa mpaka. Penina akaongeza matawi mengine kushoto na kulia mpaka kijia kikafungwa.

Sasa Hans akitaka kumwona mdogo wake anazunguka barabara ya juu, anapita mbele ya duka, mbele ya kanisa na mbele ya wale wanaume. Radhi alipewa. Njia hakupewa.

Kile kipande kimerudi kwenye mtungi, pamoja na sindano na vifungo. Nilimwomba akitupe, watoto wasije wakakichezea, akasema bado. Mwaka huu kiangazi kimekuwa kikali na hata migomba ya ukingoni imejikunja majani. Penina anabana maji, anaoshea vyombo kwenye sufuria moja. Lakini kila jioni namwona kutoka kwangu akitoka na kopo, anakwenda kwenye kile kijia, anamwagilia masale.