Bamesimama, Papa Enoki akafunga macho

Leo trompeti yetu imekata harusi ya bantu kwa maombi. Mucheke kwa komenti, lakini kwanza musome mpaka mwisho.

Papa Enoki, mushonaji wa soko la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, njo trompeti ya bendi yetu ya swing, ile jazi ya kucheza. Alijifunzia fanfare, bendi ya matarumbeta ya kanisa, kule Fizi. Mi na gitare yangu nilitoka korali, kwaya ya kanisa, ya Bukavu. Swing tumefundishwa na simu tu, kila mutu na mazoea ya kwao.

Basi tuko mujini, Area 47, kwa harusi ya wenyeji, mchana. Wageni bameikala tu, banakula. Tukaongeza mwendo wa wimbo kidogo.

Mama ya bwana harusi akasimama. Meza yake yote ikasimama. Mi nikafurahi!

Papa Enoki akakata wimbo.
Akashusha trompeti, akainamisha kichwa, akafunga macho.

Batteur, mupiga ngoma wetu, naye akaacha. Wageni bakaangaliana, kisha bakainama nao. Nafikiri balizani kuna mutu amekufa.

Nikamunong'oneza: "Papa, kuna nini?"
"Bamesimama. Kwetu fanfare ikipiga, bantu bakisimama, ni maombi."
"Papa, hapa banataka kucheza!"

Akafungua macho, akaona.
"Amina!" akasema kwa nguvu.
"Ame!" ukumbi muzima ukaitika kwa Chichewa.

Akapuliza. Bakacheza, hata mupishi.

Mu minibasi ya kurudi Dzaleka tulicheka sana. Yeye hakucheka. Nikamuuliza aliomba nini.

"Kule Fizi, amina ikiisha, bantu banaikala, na sisi tunafunga vyombo vya muziki, tunaenda. Leo niliomba basiikale."