Pikipiki ya Mdachi na Mama Mkwe Wangu

Jamani, hili jambo nimelificha vya kutosha, na kama si huyu rafiki yangu Hamisi asiyejua kufunga mdomo kuanza kulisimulia ovyo nisingelisema kamwe, lakini afadhali mlisikie kwangu mimi niliyeaibika kuliko kwake yeye ambaye siku hiyo alikuwa amelala zake kwake, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma.

Enzi za Mdachi, reli ilipokwisha kufika Dodoma, nilikuwa natunza vitu vya bwana mmoja Mjerumani, mpimaji, na katika vitu vyake kulikuwa na pikipiki. Msidhani ni kama hizi mnazoziona siku hizi. Ilikuwa baiskeli nene tu yenye injini ndogo katikati, mkanda wa ngozi wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na pedali za kuisaidia ikichoka. Na kuchoka ilichoka, kwa sababu kule Dar es Salaam ilikotoka (nilikuwepo, niliiona kwa macho yangu) ilikuwa inaruka, lakini ilipopandishwa na treni mpaka huku kwetu juu ikawa inakohoa kama mzee aliyevuta ugoro mbaya. Bwana akakaza skrubu moja kwenye kabureta ili petroli ipungue, akaniambia hewa ya huku ni nyepesi, petroli ya kipimo cha pwani inaikaba injini. Nikaitika, "Ndiyo bwana," lakini moyoni nikasema huu ni ubahili tu, maana mtu amedhoofika, wewe unampunguzia uji?

Sasa, wakati huo nilikuwa namchumbia Nyemo, binti wa Mzee Chidawali wa Nzuguni, na mambo yangu yalikuwa yamekaa vibaya. Kulikuwa na mwanamume mwingine mwenye zizi limejaa, mimi ng'ombe wangu ni wa kuokoteza, na wazee walikuwa wameniita siku hiyo nikasikie jibu la mwisho. Nyemo nilimpenda, sioni haya kusema, na usingizi nilikuwa sipati. Bwana yuko Kilosa, pikipiki iko bandani. Nikajiambia, nikiingia uani kwa mzee nimekaa juu ya mashine, nani atakumbuka ng'ombe wa yule mwingine?

Basi nikailegeza ile skrubu. Nikaona haitoshi, nikachukua sindano ya kushonea magunia nikakipanua na kitundu chenyewe cha petroli, mnyama ashibe. Halafu nikang'oa lile kopo la mwisho wa bomba la moshi, linalomeza kelele, nikidhani ndilo linaloibana pumzi. Nikavaa kanzu nyeupe ya Hamisi (aliniazima kwa roho safi, msimuulize ilirudi ikiwa na rangi gani), nikaondoka kwa kishindo ambacho stesheni nzima ilitoka kutazama, nami nikapunga mkono kama liwali.

Kwenye tambarare ilijikokota vizuri tu. Tulipouanza mwinuko wa kabla ya Nzuguni ikaanza kutapika moshi mweusi, nikakanyaga pedali, mkanda ukateleza, jasho likanitoka, ikazimika. Nikashuka, nikainama kuchungulia kwenye bomba nione kilichokwama, huku mkono wangu mwingine ukizungusha pedali (akili hizo), ikanipiga mshindo mmoja wa masizi usoni. Nilipofumbua macho kanzu ilikuwa ya mchoma mkaa, na uso sina haja ya kuwaeleza.

Wakatokea akina mama waliotoka kisimani. "Mbukwenyi," nikawasalimu, nikawaomba wanisukume. Wakatua vibuyu vyao huku wakicheka, wakasukuma, na mmoja wao, mama wa mwili na nguvu zake, akashika kile kiti cha chuma cha mizigo nyuma akasukuma kuliko wote. Tulipofika kileleni injini ikashtuka, ikawaka, ikaruka mbele, na yule mama badala ya kuachia akavutwa, akaangukia juu ya kiti kile, akanikumbatia kiuno. Mbele yetu ni mteremko mpaka kwa Mzee Chidawali, na breki ya pikipiki ile ilikuwa ya kuombea dua.

"Mwanangu, simamisha," akasema.

"Haisimami, mama."

"Simamisha nishuke, leo nina mkwe anakuja, wazee wameshakaa na pombe sijachuja."

"Mkwe gani, mama?"

"Wa Nyemo wangu. Wanasema ndiye anayetunza mashine ya Mdachi..."

Mashine ya namna ile Dodoma nzima ilikuwa moja, na tulikuwa tumeikalia.

Ngoja niwaeleze ninyi msio Wagogo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Mimi mama yake Nyemo sikuwahi kumwona, naye hakuwahi kuniona, na kuvunja mwiko huo kabla mahari haijapokelewa ni kuuvunja uchumba wenyewe. Nikasikia kaniki inavutwa nyuma yangu, amejifunika kichwa kizima, lakini mkono mmoja ukabaki kiunoni kwangu, maana mwiko ni mwiko na shingo nayo ni shingo.

Tukaingia uani hivyo hivyo. Ng'ombe wakakata kamba, wazee wakarukia ukutani mwa tembe, nasi tukajichomeka kwenye lundo la mabua ya mtama. Mzee Chidawali akanitazama, akamtazama mkewe aliyefunikwa, akageuka akanipa mgongo. Mzee mmoja akasema, "Basi, hapa hakuna tena maneno," na nikamwona Nyemo mlangoni anafuta machozi. Mimi nami nililia, na machozi yalichimba mifereji kwenye yale masizi.

Ndipo mama akasema kutoka ndani ya kaniki, akimwambia mumewe ingawa mimi nilikuwa naye bega kwa bega, "Baba Nyemo, mwiko umevunjwa na nani? Mimi uso wa mkwe sijauona mpaka sasa, una masizi matupu. Nilichoona ni mgongo. Mwambie asinawe mpaka niingie ndani."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akaanza kutikisika mabega kwa kicheko, kisha wote, na Mzee Chidawali alipogeuka alikuwa anajifuta macho. Nyemo nikapewa. Mashine nikaisukuma kwa mkono mpaka mjini, na bwana aliporudi na kuliona lile tundu, mambo aliyoniambia kwa Kijerumani nashukuru sikuyaelewa.

Tangu hapo nimeapa, skrubu ya mtu naiacha alivyoikaza mwenyewe, na ukweni naenda kwa miguu. Mama mkwe hatujatazamana mpaka leo. Ila baada ya mavuno alimtuma mumewe aje aniulize, kwa sauti ya chini kidogo, kama yule mnyama wa Mdachi bado yupo, kwa sababu ule mteremko hakuufaidi, alikuwa amejifunika kichwa.