Simu Iliyoita Bila Kupokelewa

Asubuhi ya uchaguzi binti yangu alinipigia kutoka Arusha, anakosomea uuguzi. Aliniambia yeye na mwenzake wa chumbani hawatatoka hosteli, watapika wali na kulala. "Usiwe na wasiwasi, mama." Nilikuwa kazini, jikoni kwenye loji iliyo kando ya barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, nikikata matunda ya wageni. Mchana intaneti ikakatika. Jioni nikampigia kwa simu ya kawaida, ikaita mpaka ikakata. Nilipojaribu tena, hakupatikana.

Siku zilizofuata hata simu za kawaida zilisumbua, tukaishi kwa maneno ya barabarani. Dereva mmoja wa watalii alisema ameona matairi yakiwaka Arusha na askari kila njia panda. Mwingine alisema watu wamepigwa risasi. Wa tatu alituomba tusimuulize kitu. Wageni walinung'unika kwamba hawawezi kutuma picha zao za simba, nami niliwamiminia kahawa. Mwishowe meneja akaniruhusu niondoke. Petroli ilikuwa imeadimika mjini, kwa hiyo nilitembea sehemu kubwa ya njia hadi kijijini kwetu Qurus.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe. Tangu mume wangu afariki tunaishi sisi wawili, na binti akiwa likizo. Mvua zilikuwa zimechelewa na shamba limepasukapasuka, lakini yeye alikuwa amekaa barazani na ungo, akichambua mbegu za maharage.

"Umempata?"

"Bado."

Akainamia ungo wake tena. Nilipandwa na hasira. "Mama, unachambua mbegu na mtoto hatujui yuko wapi?"

"Nimeshamwambia Mungu. Nangoja jibu lake," alisema. "Nikingoja mikono mitupu, nitaugua."

Jumapili mchungaji hakuzungukazunguka. Alisema nchi yetu iko chini ya hukumu. Tumezoea rushwa, tumezoea uongo, tumeona jirani akidhulumiwa tukafunga madirisha. Ukame na damu, alisema, ni Mungu anatuambia imetosha. Watu waliitikia amina kwa sauti za chini. Mimi sikuweza. Nilitoka kabla ya sadaka, nikasimama nje kwenye vumbi.

Mama mkwe alinifuata polepole na fimbo yake.

"Kama ni hukumu," nilimwambia, "kwa nini inaanzia kwa watoto? Binti yangu ameiba nini? Amemdhulumu nani?"

Nilidhani atanikemea. Alinitazama, akasema, "Sijui. Namuuliza hivyo hivyo kila asubuhi."

"Na anakujibu?"

"Hajanijibu. Lakini nitaendelea kumuuliza yeye. Nimwendee nani mwingine?"

Hakunifariji. Ila aliniacha nilie bila kuniambia ninyamaze, na tulirudi nyumbani tukiwa tumeshikana mikono, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulifanya.

Binti alifika katikati ya wiki, juu ya lori lililokuwa linarudi tupu baada ya kupeleka vitunguu Arusha. Nilimwona akipanda kilima na kiroba kichwani, nikakimbia hadi kanga ikanidondoka. Mama mkwe alipiga kigelegele kimoja. Kisha tukaona uso wa mtoto, kikaishia hapo.

"Mwenzangu hajarudi," alisema.

Tulimpa maji, akatueleza. Siku ile ya kwanza mkate ulikuwa umeisha. Mwenzake akasema anakwenda dukani mara moja, nje tu ya geti la hosteli, akachukua simu ya binti yangu ili alipie. Milio ya risasi ikaanza. Wasichana walijifungia, wakalala chini ya vitanda. Barabara zilipotulia walimtafuta hospitalini, wakafukuzwa getini. Walikwenda polisi, wakaambiwa warudi wakasome.

Ndipo nilipoelewa. Jioni ile niliyopiga, simu iliita mkononi mwa yule msichana, mtoto wa mama mwingine.

Msichana yule kwao Singida. Alikula Krismasi kwetu mwaka uliopita, akamsaidia mama mkwe kumenya viazi, wakacheka sana. Mawasiliano yaliporudi mama yake alinipigia. "Dada, mwanangu yuko huko kwenu?" Nilimwambia hapana. Akauliza tena, polepole, kana kwamba sikusikia vizuri. Nilimjibu vilevile, na binti yangu akatoka nje asisikie.

Jumapili iliyofuata kanisani walituita mbele tutoe ushuhuda. Majirani walitaka kushangilia, na hakika nilikuwa na cha kushukuru. Lakini ningesemaje Mungu amesikia, na mama wa Singida amelia kuliko mimi? Mama mkwe akachukua kipaza sauti. Aliongea Kiiraqw, lugha ya kwao, kama anavyofanya akizidiwa. Alisema wetu amerudi, asante. Alisema kuna mwingine hajarudi, na yeye hatanyamaza mpaka Mungu aseme neno. Kisha akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji, na magoti yake ni mabovu. Mchungaji alisimama akimtazama. Kisha naye akapiga magoti, na kanisa lote likafuata.

Mpaka leo msichana hajapatikana. Mama yake hunipigia jioni, wakati mwingine bila la kusema, nasikia tu anapumua. Mvua zilikuja, chache. Tulipanda maharage, mengine yakaota. Namwambia mama yule kwamba huku kwetu jina la mwanawe hutajwa kila asubuhi, na ni kweli. Jana aliniuliza kama bado naamini. Nilimwambia naamini, na ninaogopa, vyote kwa pamoja. Akasema hata yeye.